X-Plane 11 inatosha, au nihamie X-Plane 12 au Flight Simulator 2024? (Arusha)

Kisongo_VFR

Habari zenu wakuu. Naomba ushauri kwa wanaoijua hii kazi ya simuleta za urubani (programu za kurusha ndege kwenye kompyuta), maana video nyingi za mtandaoni zinatengenezwa na watu wenye intaneti ya faiba na kompyuta mpya kabisa, na ushauri wao haukai vizuri huku kwetu.

Mashine ni ya mezani: prosesa i5-8400, RAM GB 16, kadi ya grafiki GTX 1060 ya GB 6, SSD ya GB 500 iliyobaki na nafasi ya GB 140, skrini ya 1080p. Joistiki ni Logitech Extreme 3D Pro. Kwa sasa imo X-Plane 11.55 pamoja na ndege kadhaa za kununua, ikiwemo Cessna Caravan (ndege ya injini ya tabini). Intaneti ni ya simu, kwa bando: mchana inacheza kati ya Mbps 6 na 12, usiku wa manane inapanda. Umeme unakatika bila taarifa.

Matumizi: kuruka kwa macho Arusha, KIA (uwanja wa Kilimanjaro), Moshi, Manyara na Seronera, kwa Cessna 172 na Caravan, pamoja na mazoezi ya ILS (kutua kwa kuongozwa na mawimbi ya redio) pale KIA. Anayekaa kwenye usukani ni mwanafunzi wa leseni ya urubani binafsi. Kwa hiyo tabia ya ndege inatangulia uzuri wa picha, ingawa milima nayo iwe mahali pake na ionekane ni milima yetu.

Je, kuna haja ya kuhama? Kama ipo, niende X-Plane 12 au Microsoft Flight Simulator 2024? Na ndege na mandhari za zamani zitahamishika?

FremuThelathini

Mkuu, anza na intaneti kabla ya kadi ya grafiki, hiyo ndiyo inayoamua hapa.

MSFS (Microsoft Flight Simulator) 2024, iliyotoka Novemba 2024, imejengwa kwa kutegemea kutiririsha. Unachosakinisha ni sehemu tu. Ardhi, viwanja, hadi ndege zenyewe, huletwa kutoka kwenye seva wakati unatumia. Kima cha chini kilichotangazwa ni Mbps 10, na kinachopendekezwa ni Mbps 50. Wewe mchana una 6 hadi 12, yaani kuna saa ambazo hufikii hata kima cha chini. Sasa piga hesabu ya bando: Mbps 10 zikivutwa mfululizo kwa saa moja ni GB 4.5. Kweli haivuti mfululizo, maana eneo ulilokwishapita linahifadhiwa kwenye diski, lakini Arusha hadi Seronera mara ya kwanza ni ardhi mpya njia nzima. Kasi ikishuka katikati ya safari, programu haisimami. Ardhi iliyo mbele yako inabaki na ukungu wa rangi, na mwanafunzi anayetafuta mto au barabara ya kumwongoza hana cha kukiona.

Kwa mashine, kima cha chini cha MSFS 2024 ni GTX 970 au RX 5700, RAM GB 16, na prosesa ya daraja la i7-6800K au Ryzen 5 2600X. GTX 1060 iko jirani na hiyo 970, na i5-8400 ina viini 6 bila nyuzi za ziada. Itafunguka, lakini utaishi kwenye mipangilio ya chini kabisa, na kila sasisho litakubana zaidi.

X-Plane 12 yote inakaa kwenye diski yako. Inataka kadi ya Nvidia au AMD inayokubali Vulkan 1.3 (mfumo wa kuchora picha kwenye kadi), na GTX 1060 inaikubali mradi draiva iwe mpya. (Kwa wanaosoma hapa wakiwa na laptopu zenye grafiki ya Intel iliyomo ndani ya prosesa: hiyo haiungwi mkono, msinunue kwa kubahatisha.) GB 6 za kumbukumbu ya kadi zinatosha kwa 1080p ukijua pa kubana. Weka ubora wa picha zinazofunika vitu kwenye kiwango cha kati au kimoja juu yake. Punguza ubora wa mawingu kabla ya kitu kingine chochote, maana mawingu ya 12 ndiyo yanayoichosha kadi. Vivuli vya mandhari viwe vya chini. Ukizidisha picha hadi kumbukumbu ya kadi ijae, X-Plane huzishusha ubora yenyewe: ghafla jengo la kiwanja linakuwa na ukungu wakati fremu (picha kwa sekunde) hazijashuka. Watu wengi wanalaumu mandhari, kumbe ni kadi imejaa.

Kabla ya kutoa hela pakua toleo la majaribio kutoka kwa Laminar Research, waundaji wa X-Plane. Lina eneo dogo na hukatika baada ya muda, ila ni injini ileile kamili. Ukishakaa ndani ya ndege, fungua dirisha la kutoa data, weka alama kwenye mstari wa fremu uonekane kwenye skrini, halafu soma muda wa prosesa na muda wa kadi kwa kila fremu. Ulio mkubwa ndio unaokuzuia. Wa kadi ukizidi, punguza mawingu na ulainishaji wa kingo. Wa prosesa ukizidi, punguza idadi ya vitu vya ardhini. Kununua kadi mpya hakutakusaidia.

Kilele5895

Nampinga kidogo FremuThelathini. Kwa rubani wa macho, picha halisi ya satelaiti inayokuja bila kufanya kazi yoyote ni faida kubwa, na hiyo MSFS wameipata vizuri. Unaondoka Kisongo (kiwanja cha Arusha) unaona mashamba yalivyo, barabara ya kwenda Makuyuni ilivyo, ukanda wa kijani chini ya Kilimanjaro unavyokatika kuingia nyika kavu. X-Plane ukiisakinisha tu bila nyongeza inakupa ardhi ya kubuni: aina ya udongo ni sawa, mpangilio siyo wenyewe.

Usiangalie 2024 peke yake. MSFS 2020, iliyotoka Agosti 2020, inakubali kuanzia Mbps 5, inakuruhusu kuzima data ya mtandaoni, na ina akiba ya mkono: unachagua eneo kwenye ramani, unachagua ubora, unaliteremsha usiku bando likiwa rahisi, mchana unaruka bila kuvuta. Chora kisanduku kuanzia Seronera hadi Himo, umemaliza kazi. Usitegemee majengo ya mjini yaliyoundwa kwa picha za angani kama ya miji mikubwa ya Ulaya na Marekani. Arusha na Moshi majengo yake hukisiwa na programu kutokana na picha ya juu. Kwa kutafuta njia haidhuru.

Onyo moja kwa watakaonunua kupitia Steam. Marejesho ya fedha ni ndani ya siku 14 na muda wa kucheza usiozidi saa 2. MSFS 2020 hupakua faili zake nyingi ikiwa imeshafunguliwa, na muda huo Steam inauhesabu kama unacheza. Kwa intaneti ya simu saa 2 zitaisha hujaona hata njia ya kurukia. Kwa hiyo amua kwanza, ndipo ununue.

FremuThelathini

@Kilele5895 hoja ya akiba ya mkono ni nzuri na nilipaswa kuigusa. Ila soma tena nafasi yake: ana GB 140. MSFS 2020 inatangaza GB 150 peke yake, kabla ya akiba. Itabidi aongeze SSD nyingine kwanza. Na mzigo wa kuanzia wa GB 80 tu kwa Mbps 10 ni karibu saa 18 za kupakua bila kukatika.

RamaniNaVigae

Nipo Moshi. Niongelee mandhari, maana ndipo watu wanapopotea na kurudi kusema X-Plane ina sura mbaya.

Ukinunua X-Plane 12 moja kwa moja kwa Laminar, kisakinishi kinakuonyesha ramani ya dunia iliyogawanywa miraba ya nyuzi 10 kwa 10. Usichukue dunia nzima. Chukua mraba wa kuanzia latitudo 10 kusini hadi ikweta, longitudo 30 hadi 40 mashariki. Huo mmoja una Arusha, Moshi, Seronera, Mwanza, Dodoma, Dar es Salaam, Zanzibar, na Nairobi na Mombasa juu yake. Kinachobaki nje kwa upande wetu ni Kigoma, iliyo magharibi ya 30, na kusini kabisa, Songea na Mtwara. Programu yenyewe ni takribani GB 25, mraba huo unaongeza GB chache. Ukitaka mwingine baadaye unafungua kisakinishi upya na kuongeza. Kwenye Steam mandhari yamegawanywa kwa mabara, kwa hiyo utalazimika kubeba Afrika nzima. Kwa mtu wa bando tofauti hiyo ni hela.

Baada ya hapo tengeneza picha za ardhi mwenyewe kwa Ortho4XP, ambayo ni programu ya bure. Chukua toleo linaloitambua X-Plane 12. Kazi inakwenda kwa vigae vya nyuzi 1 kwa 1, na jina la kigae ni kona yake ya kusini-magharibi. Hapa ndipo kosa la kwanza linapotokea. KIA iko latitudo 3.4 kusini, mtu anaona "3" anachagua -03+037, anasubiri weee, halafu anapata Amboseli. Kigae cha KIA, Moshi na kilele cha Kibo ni -04+037. Cha mjini Arusha, Kisongo na Meru ni -04+036. Manyara na Ngorongoro ni -04+035. Seronera ni -03+034.

Ukubwa: kwa kiwango cha kukuza 16, nukta moja ya picha ni kama mita 2.4 za ardhi, na kigae kimoja huku karibu na ikweta kinakula GB 1.5 hadi 2. Kiwango cha 17 ni mita 1.2 kwa nukta, na ukubwa unazidishwa mara 4, yaani GB 6 na zaidi. Vigae 4 vyote kwa 17 ni GB 25 hivi kwenye diski, mbali na picha ghafi zinazobaki kwenye folda ya Orthophotos, ambazo unaweza kuzifuta ukiridhika na matokeo. Mimi ningeweka 16 kila mahali, na 17 kuzunguka viwanja peke yake. Kwa futi 2,000 juu ya ardhi 16 inatosha kabisa. Ukishuka kutua ndipo unapoona ukungu wake.

Hatua zenyewe. Kwanza, kwenye mipangilio elekeza custom_overlay_src kwenye folda ya Global Scenery ya X-Plane 12. Ukisahau hii, ardhi itatoka safi lakini haina mti, nyumba wala barabara. Kisha chagua kigae, chagua chanzo cha picha na kiwango cha kukuza, na ubonyeze hatua kwa mpangilio wake: kukusanya data za mistari, kuunda umbo la ardhi, kuchora mipaka ya maji, kushusha picha na kufunga kigae. Usiruke ya maji. Kwenye -04+037 kuna bwawa la Nyumba ya Mungu, kusini ya Moshi. Hilo ndilo kipimo chako. Ukingo wake ukiwa umekatwa kama kwa mkasi, au maji yamekuwa picha bapa isiyong'aa, hatua ya maji haikwenda sawa. Mwisho, toa kigae cha juu chenye miti na barabara, kinachoingia folda ya yOrtho4XP_Overlays.

Fungua X-Plane mara moja, funga, halafu fungua faili scenery_packs.ini kwa Notepad. X-Plane huviweka vitu vipya juu kabisa ya orodha, na hiyo huleta kosa la pili: picha za ardhi zinafunika kiwanja, unaona Kisongo ni uwanda mtupu. Mpangilio sahihi kutoka juu kwenda chini: viwanja ulivyoongeza mwenyewe, mstari wa *GLOBAL_AIRPORTS*, maktaba, yOrtho4XP_Overlays, na mwisho kabisa vigae vyote vya zOrtho4XP.

Njia ya kurukia ikiwa na matuta, na viwanja vyetu vidogo huwa hivyo, ongeza namba ya apt_smoothing_pix kwa kigae hicho na uunde upya umbo la ardhi. Ya kawaida ni 8. Usiipeleke juu mno, ardhi ya kando itajiinua kama ukuta.

Kuhusu milima. Kipimo changu cha umbo la ardhi ni Meru. Ruka upande wake wa mashariki kwa futi 12,000 uitazame kasoko: imefunguka upande huohuo wa mashariki, na ndani yake kuna kichuguu cha majivu kinachosimama peke yake. Umbo la ardhi likiwa chafu, kile kichuguu kinagandana na ukuta wa nyuma na Meru inageuka mlima wowote tu. Na Kilimanjaro: mteremko wa kaskazini unavuka latitudo 3 na kuingia -03+037. Ukitengeneza -04+037 peke yake utaona mshono nyuma ya Kibo, upande mmoja rangi ya picha, upande mwingine kijani cha kubuni. Tengeneza vyote viwili hata kama huendi Amboseli.

Picha hizo ni kwa matumizi yako mwenyewe, usigawe vigae.

Kisongo_VFR

Asanteni sana wakuu, hasa kwa namba. MSFS imeshatoka kwenye hesabu, kwa nafasi na kwa bando. Sasa imebaki 11 kubaki au 12. Kwenye 11 tayari kuna vigae vya Ortho4XP vya -04+036 na -04+037. Je, vinatumika 12 au naanza upya? Na ile Caravan?

RamaniNaVigae

Vinafanya kazi. Umbo na picha havibadiliki, ila maji yake hubaki ya kizamani na hayapati mwonekano wa maji wa 12. Kwa Arusha, ambako maji ni machache, viache. -04+037 kirudie siku ukipata nafasi, kwa ajili ya Nyumba ya Mungu.

Usivinakili mara mbili. Viache palepale vilipo, tengeneza njia ya mkato ya Windows ya kila folda, kisha iweke kwenye Custom Scenery ya X-Plane 12. Programu inaifuata yenyewe. Umeokoa diski.

Na sakinisha 12 kwenye folda yake. Usiiweke juu ya 11 kwa namna yoyote, na usifute 11 mpaka kila kitu unachokitegemea kimeonekana kinakwenda.

Mikscha_Polepole

Kuhusu ndege, kwanza tafuta kwa mtengenezaji wa hiyo Caravan kama ametoa toleo la 12. Wengine hulitoa kwa waliokwishanunua, wengine huuza upya. Ndege ya 11 mara nyingi itafunguka ndani ya 12, lakini kufunguka na kuruka sawa ni mambo mawili. Vya kukagua: mvua haionekani kwenye kioo cha mbele; taa za ndani huwa kali mno au giza; otopailoti inayumba kwa sababu mahesabu ya mwendo yamebadilika; na kwenye injini ya tabini, joto la injini na toki (nguvu ya kuzungusha) haviendi pamoja kama kwenye kitabu. Hilo la mwisho ndilo la kukataa kabisa. Kwa kiwanja cha juu kama Arusha, rubani wa Caravan anasoma toki na joto la injini kila anapoondoka, na ndege inayomzoesha namba za uongo inamharibu mwanafunzi. Usifungue faili la ndege kwenye Plane Maker ya 12 (programu ya kuhariri ndege inayokuja na X-Plane) na kulihifadhi bila kuwa na nakala, maana halitarudi kwenye 11.

Sasa kwenye swali lenyewe, 11 au 12. Kwa mwanafunzi, jambo linalotangulia yote ni fremu zisizoyumba. X-Plane ikishuka chini ya fremu 20 kwa sekunde haikatiki, inapunguza mwendo wa saa ya ndani. Ndege inaendelea kuonekana laini, ila dakika moja ya ndani si dakika moja ya ukutani. Mtu anayegeuka kwa kiwango cha digrii 3 kwa sekunde, au anayehesabu muda wa mguu wa kuondoka kwenye njia ya kushikilia (mzunguko wa kusubiri angani), anajizoesha mdundo usio sahihi, na hataona dalili yoyote isipokuwa akiweka saa ya mkononi kando ya skrini. Kwa hiyo lenga fremu 30 kwenye hali mbaya: mawingu mengi, unakaribia KIA, kamera inaangalia kiwanja. Ukizipata kwenye 12, hama. Usipozipata hata kwa mipangilio ya chini, baki 11 mpaka ubadilishe kadi, na mwanafunzi hatapungukiwa kitu cha maana kwenye ILS.

12 inakupa zaidi kwenye hali ya hewa. Mawingu yana ujazo, mwonekano unapungua polepole ukiingia, upepo karibu na milima una tabia. Mwanafunzi wa Arusha anahitaji kuona Meru ikifunikwa huku kiwanja kikiwa wazi, na kujifunza kugeuka mapema. Hali halisi ya hewa inayoshushwa ni faili dogo ukilinganisha na kutiririsha ardhi, kwa hiyo bando lako litaihimili.

Zoezi la kwanza liwe la kiwanja chenyewe. Arusha iko futi 4,550 juu ya usawa wa bahari. Joto la kawaida la hewa kwa kimo hicho ni digrii 6. Siku ya digrii 28 umezidi kwa 22. Zidisha kwa futi 120 unapata kama 2,640, ujumlishe kwenye 4,550: ndege inajiona iko karibu futi 7,200. Injini ya pistoni isiyo na tabo (pampu ya kusukumia hewa kwenye injini) inapoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000, kwa hiyo unaondoka ukiwa umekosa kama moja ya tano ya nguvu. Weka joto hilo kwa mkono kwenye ukurasa wa hali ya hewa, jaza watu wawili na mafuta, halafu fanya hivi: breki, throto hadi mwisho, rudisha mikscha (kishikio chekundu cha mchanganyiko wa mafuta na hewa) taratibu huku ukitazama mizunguko ya injini inavyopanda, ikianza kushuka isukume mbele kidogo, ndipo uachie breki. Fanya tena ukiwa na mikscha mbele kabisa. Pima urefu wa njia uliotumika mara zote mbili na ulinganishe na jedwali la kitabu cha ndege. Simuleta ikitofautiana sana na jedwali, ndege hiyo haifai kufundishia, iwe ya 11 au ya 12. Kipimo hicho kina thamani kuliko mapitio yote ya YouTube.

Mtu akiwa anatoka kwenye programu nyingine, akumbuke kuwa FSX (Flight Simulator ya zamani ya Microsoft) na MSFS zina msaada wa mikscha ya kujiendesha. Ukiachwa umewashwa zoezi lote linakufa.

Na mwambie mwanafunzi mapema: saa za nyumbani haziingii kwenye logibuku (daftari la saa za urubani). Kinachohesabiwa ni kifaa kilichoidhinishwa na mamlaka ya anga. Faida ya hapa ni taratibu, kusoma chati na kuongea redio bila aibu.

Kisongo_VFR

Mkuu Mikscha, hapo umenifungua macho. La mwisho: joistiki ile ikisokotwa kwa ajili ya usukani wa mkia inatetemeka, pua inacheza kushoto na kulia. Je, ni ya kubadilisha au kuna mipangilio?

Mikscha_Polepole

Ni kawaida kwa joistiki za kusokota. Kipimo chake cha ndani kinachakaa na kuokota vumbi. Ifanyie usawazishaji upya ndani ya X-Plane 12, usihamishe faili la mipangilio kutoka 11. Zungusha kila mhimili hadi mwisho pande zote mara kadhaa, uache katikati, uthibitishe. Ongeza sehemu mfu ya katikati kidogo kidogo kwenye mhimili wa kusokota peke yake, hadi mtetemo uishe ukiwa umeiachia. Kwenye pua na mabawa iache karibu na sifuri, vinginevyo atakuwa anavuta na ndege haijibu, kisha inaruka ghafla.

Mkunjo wa mwitikio upinde kidogo ili katikati pawe laini. Ila zile slaidi za kuongeza uthabiti ziache sifuri zote. Zikiwa juu programu inamsaidia kunyoosha ndege bila kumwambia, na trimu (kurekebisha ndege ijishikilie bila kuvutwa) hataijua kamwe.

FremuThelathini

Niongeze la umeme, umelitaja mwanzo na hakuna aliyeligusa. Umeme ukikatika wakati wa kusakinisha, usifute ukaanza upya. Endesha kisakinishi cha Laminar kwenye folda ileile na chagua kusasisha: kinakagua faili moja moja na kushusha zilizoharibika au zilizokosekana tu. Kwa Steam, tumia kukagua uadilifu wa faili kwenye sifa za programu. Kwa Ortho4XP, kigae kilichokatika katikati ya kushusha picha huendelea kilipoishia, ila futa kwanza picha ya mwisho kwenye Orthophotos, iliyo na ukubwa wa kutilia shaka, maana ikibaki utaona mraba mweusi au mweupe juu ya ardhi.

UPS (betri ya akiba) ndogo ya VA 650 itakubeba dakika chache tu ukiwa unaruka na kadi inafanya kazi. Hizo ni za kufunga programu na kuzima kwa heshima, siyo za kumalizia safari. Na unganisha ruta ya intaneti kwenye UPS hiyohiyo wakati wa kupakua usiku, ukiwa umezima skrini.

Anza na toleo la majaribio usiku wa leo, mraba ule mmoja uje ukishanunua. Ukipata namba za prosesa na kadi, zibandike hapa tuzisome pamoja.